Chini ya Meka

Walituita kumi na tisa: wabunge wa jimbo, washauri wawili wa waziri,
na sisi wa magazeti na redio, tuliowahi kwa ajili ya chai.
Ukumbi uko nyuma ya posta, Lubumbashi;
feni moja inazunguka, nyingine imesusa.
Mwalimu, Madamu Umba Kilolo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi,
akatoa kwenye mkoba kidude cha njano,
mfano wa redio ya mlinzi wa usiku,
akakiweka mezani. Hakusema kitu.

Tk. Tk-tk. Tk.

Mheshimiwa Kapend akavuta kiti chake nyuma.
Mimi nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari, somo halijaanza:
KIFO CHABISHA HODI KATANGA.
Kilikuwa kizuri. Kingeuza.

"Huo ni ukuta," akasema, "na anga,
na ndizi ya bwana yule, na mifupa yenu wenyewe.
Yalikuwa yakisemwa haya kabla hamjazaliwa.
Mlikosa tu sikio."

Kisha akafungua mkebe wa risasi
(ile ya kuyeyusha, si ya bunduki, alituhakikishia),
ndani yake jiwe dogo, manjano ya limau lililoanza kuoza,
na kidude kikalia kama mahindi kwenye kikaango.

Hapo hakuna aliyetafuna andazi.

Babu yangu alichimba Shinkolobwe.
Aliosha mikono mtoni, akala bukari kwa mikono hiyohiyo.
Hakuambiwa neno. Hakukuwa na semina.
Jiwe likavuka bahari, likaunguza mji wa watu asiowajua,
yeye akarudi nyumbani na baiskeli na kikohozi.

Nikauliza, koo limenikauka: "Ndilo hilo mnataka tulisifu?"

Akafunika mkebe. Kelele zikashuka, hazikwisha.
"Sikuja kutafutia jiwe sifa. Mtu akikwambia kuna mionzi,
usimuulize kama ipo. Ipo.
Muulize kiasi gani. Kwa muda gani. Karibu na nani.
Babu yako alinyimwa maswali hayo
kabla hajanyimwa dawa."

Umeme ukakatika.
Katika mji huu unaoipa dunia shaba ya nyaya zake,
feni ikalala, jenereta ya jirani ikaanza kujikohoza,
na kidude, kinachokula betri, kikabaki kinaongea gizani
kama mtu pekee asiyeshangaa.

"Basi lijengwe hilo tanuru kesho!" akapaza mshauri mmoja.
Tukacheka. Madamu hakucheka.
"Kesho? Tanuru si bomu, nitalisema hilo mpaka mnichoke.
Lakini majivu yake yanataka mlinzi kwa maelfu ya miaka,
na ninyi mlinzi wa transfoma hamjamlipa tangu Machi.
Fizikia yangu haina jibu la hapo. Hapo ni penu."

Jioni, Katuba, nikamsimulia mama akipuliza makala.
Nilijisikia msomi. Nikasema: kile kidude, mama, hakidanganyi, kinapima.

Mama ameuza unga miaka ishirini na sita.
"Meka nayo inapima," akasema.
"Wapo wanaoigonga kitako kikaingia ndani:
juu imejaa mpaka inamwagika, macho yameshiba,
watoto wanalala njaa.
Huyo mwalimu wenu, nani aliigeuza meka yake
akatazama chini?"

Sikuwa nimeuliza.
Nilikuwa na kurasa saba za maelezo na hilo halimo.

Nikakifuta kile kichwa cha habari. Nikaandika kingine, nikafuta.
Hadi saa tano usiku karatasi ilikuwa nyeupe,
na moshi wa makala, ambao hakuna kidude kinachoulilia,
umejaa nyumba nzima.

Asubuhi nikampigia Madamu Umba, nikamrudishia swali kama lilivyo.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekufa.
"Kinapimwa kila mwaka, cheti ninacho," akasema.
"Cha mwaka jana.
Cha mwaka huu bado."
Akashusha pumzi.
"Mlete huyo mama wiki ijayo. Nina mawaziri."